Nguruwe wa Mama Mkwe na Begi la Tunduru

Nilipoolewa nilitegemea kukabidhiwa jiko. Ndivyo shangazi zangu wa Majengo, Songea mjini, walivyonifunda: mama mkwe atanipa ufunguo wa stoo, nami niupokee kwa mikono miwili huku nimepiga magoti. Nilifika nikiwa tayari kabisa kwa magoti. Kumbe mama mkwe hakuwa hata na stoo yenye kufuli. Asubuhi yangu ya kwanza pale kwake alinipa ndoo ya maganda ya viazi, akanielekeza nyuma ya nyumba na kusema, "Nenda kasalimiane na mwenzio, mwanangu. Asubuhi anakuwa na hasira kama hajala."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la miti, na ndani yake jike la nguruwe, jeupe lenye mabaka meusi mgongoni, pana kuliko kitanda nilichokilalia usichanani. Mimi ni mtoto wa mjini. Nguruwe nilikuwa namjua akiwa amekatwakatwa kwenye sahani, ndizi upande huu na pilipili upande ule, ndiyo hiyo kitimoto iliyokuwa inaanza kupata umaarufu miaka ile. Huyu alinitazama kwa macho yake madogo, akakoroma, akaja mbio. Nikamwagia maganda yote kichwani, nikakimbia. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini.

Kijiji chetu kiko ng'ambo ya Mjimwema. Ukipanda kilimani unayaona mabati ya mji yanavyong'aa, lakini ukiuangalia mlima unaokitenganisha na mji unaahirisha safari. Mume wangu alizaliwa hapo na alikuwa mtu wa mahindi. Sisemi mkulima wa mahindi, maana Songea kila mtu alilima mahindi. Nasema mtu wa mahindi, kama wengine walivyo watu wa mpira. Alikulia enzi ambazo mbolea ililetwa na lori la ushirika, ikashushwa kijijini, na mkulima akaichukua kwa bei ya kuonewa huruma. Kisha biashara ikaachiwa huru. Mbolea ikahamia kwenye maduka ya Majengo, na huruma haikuhama nayo. Mwaka ninaousimulia aliuza redio yake ili apate mbolea ya kutosha shamba zima, akaniambia tutanunua redio nyingine, kubwa zaidi, baada ya mavuno. Kuhusu banda la mama yake alikuwa na kauli moja tu: ule ni mchezo wa akina mama.

Mchezo wenyewe ulikuwa na kanuni zake. Katika jumuiya yetu, yaani zile nyumba chache za jirani zinazosali pamoja kila wiki, akina mama walikuwa wanapokezana nguruwe. Ukipewa mtamba, jike changa ambalo halijazaa, unamlea, unampeleka kwa dume, na katika uzao wake wa kwanza unatoa jike mmoja kwa mama anayefuata. Hakuna karatasi wala riba. Ila ole wako utoe jike aliyekonda, maana utaimbiwa mafumbo hadi uchukie kwenda kusali. Mama mkwe alikuwa amempokea wake kutoka kwa mama mmoja aliyehamia baadaye Bombambili. Aliyekuwa anafuata kwenye zamu ni jirani yetu wa upande wa kijito, mjane mnene mwenye maneno mengi, aliyekuwa anatuanzishia nyimbo za jumuiya kwa sauti ya kutikisa bati. Jike lilikuwa halijazaa bado, lakini yeye alipita kila siku kuuliza hali.

"Mkwe wangu hajambo?" alikuwa anauliza, akimaanisha nguruwe.

"Hajambo, anakula," mama mkwe alijibu. "Na huyu wangu naye hajambo, ila yeye ndiye hali." Huyo wa pili nilikuwa mimi.

Mbali na nguruwe kulikuwa na mbuzi wachache na kuku waliolala jikoni. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuzoa samadi bandani na kuibeba kwa karai hadi kwenye kijishamba cha mama mkwe, pale kati ya banda na migomba. Nilichukia kazi ile waziwazi. Nilifunga kitambaa puani, nikasonya njia nzima, na kila nikirudi nilioga kama natoka msibani. Mama mkwe hakunisema. Alikuwa anatazama karai tu, kuona kama limejaa.

Mvua za mwaka ule zilianza vizuri kiasi cha kumfanya mume wangu aimbe. Mahindi yake yalipanda juu, meusi kwa ukijani, na wapita njia walisimama kumpa hongera. Kisha mwezi wa pili, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, mvua ikakatika. Mwanzoni tulisema ni kiangazi kidogo, kitapita. Majani yakaanza kujikunja mchana na kujikunjua jioni. Baadaye yakawa hayajikunjui tena. Mume wangu alishinda shambani akiwa amesimama tu, mikono kiunoni, anatazama upande wa kusini ambako mawingu hujitokeza. Sijawahi kumwonea mtu huruma kama nilivyomwonea yeye wiki zile. Alikuwa ametoa redio yake ili kuilisha ardhi, na ardhi ilikuwa inahitaji maji.

Tulipovuna, wengi walivuna magunzi. Sisi tulipata kidogo, kiasi cha kuonesha kwamba tulilima. Lakini nyuma ya nyumba, kwenye kile kijishamba cha samadi, majani ya maboga yalitambaa mpaka kwenye paa la banda, na mahindi machache aliyoyapanda mama mkwe pembeni yalibeba. Udongo wake ukiufukua kwa kidole ulikuwa na unyevu. Mume wangu alikwenda kuufukua, nilimwona. Alirudi ndani akijifuta kidole kwenye suruali.

Hapo ndipo habari za Tunduru zilipopamba moto. Ilisemekana kule mawe ya thamani yanaokotwa mtoni, kwamba mtu amekwenda na jembe amerudi na pikipiki. Kila wiki vijana walishuka Songea kutafuta gari. Waliorudi na pikipiki tuliwasikia, ila hatukuwaona. Wapo waliorudi na malaria, na wapo ambao wake zao mpaka leo wanaulizia. Siku moja mume wangu alirudi kutoka soko la mitumba la Majengo akiwa amebeba begi la turubai la kijani, lenye zipu ndefu na mikanda miwili. Akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Akaweka ndani suruali mbili na mashati.

Mimi nilikuwa na mimba changa. Nilikuwa nalala chali nikilitazama lile begi. Siku zile sikujua kusema vizuri ninachokiogopa, lakini nitakisema sasa: niliogopa kuzaa mtoto ambaye baba yake ni hadithi.

Shida ya mume wangu ilikuwa nauli na chakula cha kuanzia kule machimboni. Akamfuata mama yake uani, tukiwa tunapura maharage.

"Mama, tumuuze nguruwe. Amenona, wachinjaji wanalipa vizuri. Nitawaachia cha kula, nami nipate cha kusafiria."

Mama mkwe aliendelea kupura. "Amebeba mimba, na wewe unataka nimuuze kwa kilo."

"Mama, njaa inakuja."

"Ndiyo maana simuuzi." Akaweka fimbo chini. "Subiri azae, baba. Watoto wakishaacha kunyonya nitakupa mmoja, uuze, uende zako. Mimi sitakushika shati. Lakini kabla hajazaa, begi lako likae palepale ukutani."

Basi ikawa hivyo. Nguruwe akizaa salama, tungepata chakula, na begi lingepata nauli. Asipozaa, njaa ingempeleka mume wangu Tunduru hata kwa miguu. Kwa upande wangu nilikuwa naona njia zote mbili zinaishia kwenye kituo cha basi, nikakasirika na kila mtu, nguruwe akiwemo. Yeye alikuwa na mimba kama mimi, lakini yeye ndiye aliyeletewa maparachichi. Mimi nililetewa pole.

Katika miezi iliyofuata ndipo nilipouelewa mpango wa mama mkwe, maana hakuwahi kuueleza kwa maneno. Chumvi, sabuni na mafuta ya taa vilipoisha, ilikuwa zamu ya jogoo. Nilipougua nikalazwa, alikwenda beberu. Kila mnyama alikuwa na tatizo lake, na mama mkwe hakukubali tatizo dogo lile mnyama mkubwa. Majirani waliokuwa hawana banda walianza kula mbegu waliyoiweka ya msimu ujao. Sisi mbegu yetu ilibaki kwenye moshi juu ya jiko, na mboga tulichuma kijishambani mpaka tukagawa. Nilianza kujaza karai la samadi bila kuambiwa. Sikusema kwamba nimebadilika, ila kile kitambaa cha puani nilikiacha.

Kumlisha nguruwe ndiyo ilikuwa kazi. Pumba zilikuwa adimu, maana watu wenyewe walikuwa wanasaga mahindi na pumba zake humohumo. Miaka ya shibe nguruwe wa kwetu walikuwa wanaishi kwa machicha ya komoni, ile pombe ya nafaka inayopikwa kila nyumba ya pili. Lakini serikali ya kijiji ilikuwa imepiga marufuku kupika pombe hadi mavuno mengine, ili nafaka iende tumboni kwanza. Mgambo walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba wakifunua mitungi. Kwa hiyo tulimkatia mashina ya migomba, tukamwokotea maparachichi yaliyodondoka, tukamchumia majani ya viazi. Alikula vyote, akawa anatutazama kama tumemficha kitu.

Asubuhi moja nilikwenda bandani na ndoo yangu nikamkuta amelala ubavu, miguu imenyooka, ulimi nje. Nikamwita. Nikamgusa kwa fimbo. Alitoa sauti ndefu kutoka tumboni, jicho moja likafunguka, likatazama upande ambao sikuwepo, likafunga. Nilitupa ndoo nikapiga yowe.

Mume wangu alikuja mbio, akatazama, akashika kichwa. "Ni homa," alisema. "Homa ya nguruwe imeingia." Kila mtu aliijua homa ile. Ikipita kijijini inaacha mabanda matupu, na haina dawa. Nilianza kulia palepale, na sikuwa ninamlilia nguruwe peke yake. Nililiona lile begi linavyoshuka kutoka kwenye msumari.

"Bora achinjwe akiwa bado anapumua, tusipoteze vyote," mume wangu akasema, akapanda baiskeli ya jirani kwenda Bombambili kumfuata mchinjaji.

Mama mkwe alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Aliporudi alitukuta: mimi nalia, watoto wa jirani wamepanda juu ya uzio, na mchinjaji anafungua visu vyake kwenye gunia, jasho linamtoka. Mama mkwe aliweka mzigo wa kuni chini, akaingia bandani, akapiga magoti kwenye tope. Alimpapasa nguruwe masikio, akamfungua mdomo, kisha akainama na kunusa. Akanusa tena.

"Huyu haumwi," akasema. "Huyu amelewa."

Mchinjaji akasema haiwezekani. Mama mkwe akamwambia aje anuse mwenyewe. Akaja, akanusa, akafunga visu vyake. "Mama, nimekanyaga baiskeli kutoka Bombambili!" alilalamika.

"Pole, baba. Keti kwanza, upumzike. Mgonjwa akiamka atakushukuru."

Kwenye hori kulikuwa bado na machicha, mazito, yakinuka kwa ukali, na alama ya kitu kilichomwagwa ikishuka kutoka juu ya uzio upande wa kijito. Mama mkwe aliitazama ile alama, akatazama upande wa kijito, akajifuta magoti. "Vaa khanga yako," akaniambia. "Twende tukamwone mkwe wake."

Tulimkuta jirani yetu amekaa mlangoni anachambua mchicha kwa uangalifu wa kupita kiasi.

"Tumsifu Yesu Kristo," mama mkwe akasalimu.

"Milele amina." Hakuinua macho.

"Nimekuja kukupa habari. Mkwe wako ameamka na kichwa kinamuuma."

Jirani aliacha mchicha, akafunika uso kwa mikono. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua. Kisha yakamtoka yote. Alikuwa na mtungi wa komoni uliokuwa umeiva kabisa, aliopika kwa pumba na ulezi, maana tangu mumewe afe pombe ndiyo ilikuwa shamba lake. Alfajiri akasikia mgambo wako nyumba ya pili. Kumwaga uani harufu ingemuumbua. Ndipo akalikumbuka hori letu.

"Nilijua ataonja tu, abakize," alisema.

"Dada yangu, tangu lini nguruwe akabakiza?"

"Nilichanganyikiwa, mwenzangu. Mtungi wote, na pombe yake na machicha yake."

"Na ndani ya tumbo lile yumo binti yako," mama mkwe akasema. "Yule unayemsubiri kwa zamu ya jumuiya. Umemlewesha hajazaliwa bado."

Hapo jirani alilia kweli, na mimi, ambaye nilikuwa nimekuja na ugomvi wangu tayari mdomoni, nilijikuta nacheka mpaka mtoto akanipiga teke. Mama mkwe hakumshitaki kwa mtu. Alimwambia maneno mawili matatu tu. Kwamba nafaka nzima asiguse, mtu asije akalala njaa kwa sababu ya mtungi wake. Na kwamba yale machicha, kila yakipatikana, yakamuliwe, yaoshwe kwa maji, yaletwe kwa ndoo yenye mfuniko, kupitia mlango wa mbele kama mgeni. Jirani aliapa.

Tuliporudi, nguruwe alikuwa amesimama, ameegemea mti wa banda, na mchinjaji anakunywa maji ya kisima huku akimhubiria juu ya ulevi. Mume wangu alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye uzio. Hakucheka na wengine. Baadaye aliniambia kwamba njia nzima ya Bombambili alikuwa anawaza atamwambia nini mama yake.

Tangu siku ile nguruwe alinenepa. Kila wiki ndoo yenye mfuniko ililetwa kwa mlango wa mbele, na jirani alisalimia kwa heshima kubwa.

Nguruwe alizaa mchana wa jua kali, mama mkwe akiwa kwenye jumuiya na mimi nikiwa na miguu iliyovimba. Mume wangu ndiye pekee aliyekuwepo. Nilisimama nje ya banda nikimpa maelekezo ambayo mwenyewe niliyabuni, na yeye, mtu wa mahindi, alikuwa chini kwenye majani makavu, anapokea watoto wa nguruwe mmojammoja, anawafuta pua kwa shati lake, anawasogeza kwa mama yao. Walikuja mpaka chuchu zikajaa, na mmoja, jike dogo kuliko wote, akabaki nje akisukumwa huku na huku. Mume wangu alimtia kifuani. "Huyu atakula wapi?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyewapangia chuchu. Tukamkamua mbuzi. Kwa wiki kadhaa kile kijike kilinyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kitambaa, na mwenye kukinywesha alikuwa yeye, asubuhi na jioni, akidai kwamba mimi nakimwagia puani.

Watoto walipoacha kunyonya, likaja gari dogo kutoka Mbinga. Huko milimani mvua haikuwatupa, na kahawa ilikuwa imewapa watu fedha mwaka ule. Walikuwa na mahindi na maharage, ila walitaka nguruwe wa kufuga. Zamani kuhamisha gunia la mahindi kulihitaji kibali cha ofisi na ofisi, lakini sasa mwenye gari alisimamisha popote akafungua turubai. Mzee mwenye gari na mama mkwe walikaa kwenye kibaraza, wakavutana kwa utani wa nusu siku, na mwisho wake vijana walishusha magunia kwetu mpaka mlango wa chumba cha mbele ukawa haufungi. Nililigusa gunia la kwanza kwa kiganja. Niliona aibu kwa jinsi nilivyokuwa na furaha, nikaliegemea kabisa.

Mzee alisema angelala Songea na kupita tena kesho yake asubuhi kuuliza kama kuna mwingine wa kuuzwa. Mama mkwe alikuwa amebakiza wawili. Mmoja ni jike aliyenenepa kuliko wote, haki ya jirani. Mwingine ni kile kijike cha maziwa ya mbuzi.

"Hicho ni chako, baba," alimwambia mwanawe. "Nilisema akizaa nitakupa nauli, nimekupa. Kesho mwenye gari akipita, muuzie, na yeye atakushusha stendi."

Saa ile nilimchukia mama mkwe wangu. Nasema ukweli. Niliingia chumbani nikakaa kitandani chini ya lile begi, na sikuwa na hata machozi. Chakula tulikuwa nacho, mtoto alikuwa anakaribia, na yule mama alikuwa anatimiza ahadi ambayo hakuna mtu aliyemkumbusha. Mume wangu aliingia, akalishusha begi bila kunitazama. Akalitoa nje, akaliweka kwenye kibaraza.

Mama mkwe alikuwa amemshika yule jike mnene kwapani. "Kabla hujasafiri," akasema, "kampelekee jirani haki yake. Haifai mtu aage nyumba huku mwenzake anasubiri zamu."

"Sawa, mama. Nimbebee kwenye nini?"

"Kwenye hilo begi lako. Si lina zipu?"

Nilitoka mlangoni kuona kama nimesikia vizuri. Ukutani, pale nyuma ya kichwa cha mama mkwe, yalikuwa yametundikwa magunia matupu, mengi tu, yale ambayo mahindi yake tulikuwa tumeshayamimina kihengeni. Mume wangu aliyatazama yale magunia. Akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anamkuna nguruwe sikio kana kwamba hana habari. Akanitazama mimi na tumbo langu.

Kisha akainama, akafungua zipu. Akatoa shati la kwanza, akanikabidhi. Akatoa la pili. Akatoa suruali. Nami nilizipokea kwa mikono miwili, nimepiga magoti kwenye kibaraza na tumbo langu lote, kama shangazi zangu walivyonifunda. Kunyanyuka ndiko kulikonishinda, mama mkwe akaja kunivuta.

Mume wangu alirudi kutoka kwa jirani akiwa analishika begi mbali na mwili wake kwa vidole viwili. Yule jike alikuwa amefanya mle ndani kila kitu ambacho nguruwe mwenye wasiwasi anaweza kukifanya. Upande wa kijito jirani alikuwa tayari ameanzisha wimbo.

"Sasa, mama," mume wangu akasema, "mimi nitasafirije na begi hili?"

"Basi kaa, baba," mama mkwe akamjibu, akaingia jikoni.

Kesho yake niliamka nikiwa nimechelewa. Nilisikia gari la mzee wa Mbinga likipiga honi barabarani, likasubiri, likaondoka. Upande wa pili wa kitanda hapakuwa na mtu. Nilitoka nje na khanga moja, nikaenda kuangalia mahali ninapoweka ndoo ya maganda. Ndoo haikuwepo. Nyuma ya nyumba nilisikia sauti yake akikisema kile kijike, kiache pupa, kitafune kwanza.